Vipanga wa Saa Saba

Jumapili mchana, juu ya mgongo wa mlima, mwanamke mwenye kofia ya manjano alimpokonya Method kihesabio kwa adabu kubwa. "Leo pumzika," alimwambia, akakitoa kile kidude cha kubonyeza kiganjani mwake kama anayempokea mgeni mwavuli. Kisha akampa biskuti.

Method alikuwa ameendesha gari saa nzima na nusu kutoka Bowie, moja kwa moja kutoka kanisani, na bado alikuwa na viatu vya ibada. Alikaa juu ya mwamba na biskuti yake. Chini, bonde lilikuwa limeanza kubadilika rangi, wekundu huku, manjano kule, na vipanga walikuwa wakipita kuelekea kusini: wawili, watatu, kisha kundi la saba. Hakuna aliyemuuliza ameona nini. Jana yake, Jumamosi, alisimama hapo hapo na mama yake mzazi, akahesabu vipanga zaidi ya elfu tatu katika muda wa saa mbili. Njia nzima alikuwa akijiandaa kupongezwa.

Bwana Weller, mzee aliyeongoza hesabu ya ndege mlimani pale kwa miaka ishirini na miwili, alimpa mgongo muda wote. Method alipoaga, mzee aliinua kidole kimoja bila kugeuka.

Alifika nyumbani akamwambia mkewe kwamba watu walikuwa wengi mno siku hiyo, hawakumhitaji. Edah alimtazama mara moja tu. Alijua mume wake anaposema uongo huanza kutafuta funguo alizozishika mkononi.

*

Imeili ilifika Jumanne jioni. Edah alikuwa jikoni akikata mboga, kompyuta ikiwa wazi karibu na friji, kwa sababu kwa siku nne nyumba nzima ilikuwa inasubiri barua moja. Kituo cha mazingira huko Columbia kilikuwa kinatafuta mtu wa kusimamia hifadhi yake na kuongoza matembezi ya watoto wa shule. Method alikuwa askari wa wanyamapori Tanzania kwa miaka tisa. Hapa Marekani, baada ya vibarua vya huku na kule, alikuwa na miaka sita ya kuwaogesha na kuwalisha wazee katika nyumba ya wazee ya Bowie. Hakuionea aibu kazi hiyo, ila haikuwa yake. Usaili ulikuwa Alhamisi asubuhi, na kilichobaki ni barua ya mtu wa hapa hapa anayeijua kazi yake. Mtu huyo alikuwa Weller.

Edah alisoma mara ya kwanza kimya. Kisu kilisimama juu ya mboga.

"Kuna nini, Mama Audrey?" aliuliza mama mkwe wake, Bibi Euphrasia, aliyekuwa mezani akichambua mchele. Mzee huyu alikuja Julai kwa viza ya miezi sita. Alikuwa amefundisha shule ya msingi miaka thelathini na mmoja, na hata mchele aliuchambua kama anayesahihisha madaftari.

"Weller ameandika. Anasema barua hatoi."

"Kwa nini?"

Edah hakupenda tabia ya kuwaletea wazee nusu ya maneno. Alisoma tena sentensi kwa sentensi, akitafsiri. "Anasema hesabu yenu ya Jumamosi ameifuta yote. Anasema ninyi mmeandika kwamba saa moja asubuhi mliona vipanga elfu moja mia nane na kitu. Anasema saa moja asubuhi kipanga hapai, hewa bado ni ya baridi, anangoja jua lipashe miamba ndipo apandishwe juu. Halafu anasema saa moja asubuhi geti la mlimani lilikuwa limefungwa, na ufunguo anao yeye."

"Enhe."

"Anasema mchana, wakati wenzenu wa Virginia walikuwa wanaona maelfu, ninyi hamkuandika hata ndege mmoja. Anasema mtu anayebuni ndege hawezi kumwombea kazi ya kutunza ndege." Edah alishusha pumzi. "Na ameituma kwa watu sita. Wote wa chama cha ndege."

Bibi Euphrasia alisukuma ungo pembeni. "Saa moja asubuhi tulikuwa barabarani. Mimi nimeshika chupa ya chai, mumeo anapigia honi malori. Nani amemwambia huyo mtu saa moja?"

"Fomu yenu, Mama."

"Fomu gani? Mimi niliandika saa saba."

Edah aligeuka polepole. "Umeandika saa ngapi?"

"Saa saba. Saa saba na saa nane. Nenda kalete daftari langu, liko chini ya mto."

Lilikuwa daftari la mistari, lenye mwandiko wa ubaoni, wima na safi. *Saa 7 – 8: vipanga 1,874. Saa 8 – 9: vipanga 1,185.* Chini yake mstari uliopigwa kwa rula. Edah alilitazama kama mtu anayetazama picha ya eksirei na kuuona mfupa ulipovunjika. Alikuwa na diploma ya utunzaji wa kumbukumbu, na mchana alikaa kwenye ofisi ya daktari wa meno Riverdale Park akitafuta makosa ya watu wengine kwenye fomu. Hili lilikuwa kosa zuri kuliko yote aliyowahi kuyaona.

"Audrey!" aliita. "Shuka!"

Binti wa miaka kumi na mitano alishuka na waya za muziki masikioni.

"Jumamosi Baba alipokwenda kazini alikuachia fomu. Uliandika nini?"

"What Bibi wrote."

"Asubuhi Baba aliandika mwenyewe mpaka saa sita. Za Bibi uliziweka wapi?"

"Juu. Kulikuwa na nafasi mbili tupu juu, seven na eight." Audrey alianza kuhisi kwamba jikoni kuna hatari. "Mom, nilimuuliza. I asked her! Nikasema, Bibi, hii ni saba? Akaniambia, 'Saba ni saba, mjukuu wangu, kwani Marekani saba ni ngapi?'"

"Kweli nilimwambia," alisema Bibi Euphrasia. "Na bado nasema. Saba ni saba."

"Mama, saa saba yako ni saa ngapi kwa Kizungu?"

"Saa saba mchana ni…" Midomo ya Bibi Euphrasia ilihesabu. "Ni moja."

"Ni moja," alisema Edah. "Na huyu mtoto ameandika saba."

Audrey aliwatazama wote wawili. "Wait. Saa saba ni one o'clock? Since when?"

"Tangu Mungu aumbe jua!" alisema bibi yake.

Hapo Edah alijiona na yeye yumo. Miaka yote walimwambia mtoto saa kwa Kiingereza, kwa sababu ya shule, kwa sababu ya basi, kwa sababu ilikuwa rahisi. Kiswahili cha kula, cha kuoga na cha kugombezwa alikijua. Cha saa hakuna aliyempa.

*

Method alirudi akiwa tayari ameisoma imeili kazini. Alikula, na walipomweleza aliweka kijiko chini, akacheka kicheko kifupi kisicho na furaha.

"Vizuri. Sasa tunajua."

"Kesho tunakwenda kumweleza," alisema Edah.

"Hatwendi."

"Baba Audrey, una usaili keshokutwa."

"Nimwambie nini? Nimwambie, 'Bwana Weller, kwetu saa saba ni saa moja'? Atauliza na mbili na mbili kwetu ni ngapi. Uongo wa kwanza amenifukuza, huo wa pili atawaita wenzake waje wausikie."

"Si uongo."

"Unasikika kama uongo kuliko uongo wenyewe! Edah, sikiliza. Jumapili yule mama wa kofia ya manjano alinipa biskuti. Nikaila. Mtu mzima, nimewahi kukamata majangili wenye bunduki, nimekaa juu ya jiwe nala biskuti ya kufukuzwa kazi isiyo na mshahara. Sitapanda tena mlima ule kuomba."

"Nani amesema utaomba?"

"Mke wangu, nakuheshimu. Liache."

"Dad, I'm sorry," alisema Audrey kutoka kwenye ngazi.

"Si kosa lako, mama."

"Ni kosa lake kidogo," alisema Bibi Euphrasia, "na langu kidogo, na la mzungu kidogo. Ila anayelipa ni wewe peke yako, na hiyo si hesabu."

Method alikwenda kulala. Edah aliosha vyombo, akakausha, akampigia daktari wa meno kumwambia kwamba kesho hatafika kazini kwa shughuli ya familia. Hakutoa maelezo zaidi. Kisha akamwambia mkwewe, "Mama, kesho vaa viatu vya kupandia."

"Nimeshavitoa," alisema Bibi Euphrasia.

*

Njia ya kupanda ilikuwa dakika ishirini za mawe na mizizi. Bibi Euphrasia aliipanda akiwa na kitenge, juu yake jaketi la shule la mjukuu wake lenye picha ya chui mgongoni. Alisimama mara mbili kupumua, na mara zote mbili alisingizia mandhari.

Weller alikuwepo, na mwanamke wa kofia ya manjano, na darubini ya miguu mitatu. Upepo ulitoka kaskazini magharibi, mkavu. Alipowaona, mzee alikunja uso kama mtu aliyeletewa bili ya jirani. Hakuwa mtu mbaya. Miaka kumi iliyopita mtu mmoja aliyempenda kama mwanawe alimletea hesabu ya tai hamsini wasiokuwapo, naye Weller akaichapisha, akachekwa na kila kituo cha mlima ule. Tangu hapo alikuwa amejiapiza kwamba yeye na uongo hawatakula sahani moja tena.

"Bi Method, nimekwisha kuandika nilichoandika," alisema. Alidhani Method ni jina la ukoo.

"Naitwa Edah. Huyu ni mama mkwe wangu, ndiye aliyeandika hesabu ya Jumamosi. Nataka dakika tano zako. Nina daftari moja."

"Hesabu iliyoandikwa saa ambayo geti limefungwa?"

"Hiyo hiyo." Edah alimfungulia daftari. "Iliandikwa saa saba mchana. Kwenye saa yako ni moja. Mtoto wangu, aliyezaliwa hapa, aliiona saba akaiandika saba."

Weller alimtazama, kisha akamtazama mwanamke wa kofia, ambaye alianza kusoma kwa makini sana karatasi isiyo na kitu.

"Unaniambia kwamba huko kwenu saa saba ni saa moja," alisema Weller.

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Mama, anauliza kwa nini saa saba ni saa moja."

Bibi Euphrasia alikuwa amengoja swali hilo njia nzima. Alijinyoosha mbele ya Weller kama mbele ya darasa la nne. "Mwambie siku inaanza jua linapochomoza. Jua likishatoka, saa ya kwanza ikipita, ni saa moja. Ya pili, saa mbili. Likifika utosini, sita zimepita, ni saa sita. Mtoto mdogo anaelewa. Muulize yeye, wao wanaanza kuhesabu lini?"

Edah alitafsiri. "Usiku wa manane," alisema Weller.

"Usiku wa manane!" Bibi Euphrasia alipiga kiganja. "Wamelala! Mwambie mimi nimefundisha miaka thelathini na mmoja na sijaona mtu anayehesabu akiwa amelala."

Mwanamke wa kofia alicheka kabla hajajizuia. Weller hakucheka, lakini alifungua mkanda wa saa yake, akaiweka mfukoni. Alimwambia Edah akae kimya, asitafsiri neno. Kisha akamgeukia bibi, akagonga kifundo cha mkono wake mtupu, akanyoosha viganja kuuliza.

Bibi Euphrasia alitazama jua. Alitazama kivuli chake mwenyewe juu ya mwamba. Akainua vidole vitano, kisha akakikunja kidogo cha mwisho, kuonyesha kwamba bado kidogo.

Weller alitoa saa mfukoni. Ilikuwa kumi na dakika hamsini na mbili: tano kasoro dakika nane kwa saa ya bibi.

Alikwenda kwenye begi lake, akatoa faili, akapiga magoti juu ya mwamba ili upepo usimpeperushie karatasi. Edah alimwona anatafuta kwa kidole. Kulikuwa na ujumbe kutoka kituo cha Virginia, maili arobaini kusini, kwenye mgongo huo huo wa mlima. Jumamosi, kati ya saa zao tatu na tano za alasiri, walihesabu vipanga elfu mbili mia tisa na kumi na wanane. Walikuwa wamemuuliza mara mbili: *Ninyi wa kaskazini mmekosaje kundi kubwa hivi?* Naye aliwajibu kwamba alikuwa amemwachia kazi mtu asiyefaa.

Alichukua kalamu. Alizikata safu mbili za juu za fomu ya Method, akazishusha hatua sita. Zilikaa pale kama kifungo kwenye tundu lake. Vipanga wakapita hapa saa saba na nane, wakafika Virginia saa tisa na kumi, bila ndege kupotea njiani zaidi ya wale ambao hupotea kila siku.

"Hawakukosekana," alisema, kama anayejiambia mwenyewe. "Tulikuwa nao."

"Mlikuwa nao," alisema Edah.

Weller aliinuka kwa shida, akamtazama Bibi Euphrasia, akainamisha kichwa. "Tafadhali mwambie mama kwamba mwandiko wake ni mzuri."

"Anajua," alisema Edah. "Sasa barua."

"Nitaiandika jioni nikishuka."

"Usaili ni kesho asubuhi."

"Basi nitaiandika mchana."

"Na nyingine ya wale watu sita. Ile ya kumwita mume wangu mwongo iliwafikia wote kwa mkupuo, na hii iwafikie wote kwa mkupuo. Sitaki umnong'oneze mmoja mmoja."

Uso wa Weller ulibadilika rangi mpaka masikioni. Kwa kitambo ilionekana atakataa. Mtu wa miaka sabini na miwili hapendi kuamriwa juu ya mlima wake mwenyewe. Lakini alikuwa ameshika karatasi mkononi, na karatasi alikuwa akiiheshimu kuliko nafsi yake. Alimpa mwanamke wa kofia kile kihesabio. "Shika," alisema. "Nashuka."

*

Kibanda cha getini kilikuwa na kompyuta moja na kiti kimoja. Weller aliandika kwa vidole viwili, Bibi Euphrasia akikalia ndoo iliyopinduliwa na kumsimamia. Edah alitoka nje palipokuwa na mtandao, akampigia mumewe. Ilikuwa ndio kwanza mapumziko yake ya chakula.

"Uko wapi?" aliuliza Method. "Ofisini wamesema hukuja."

"Mlimani."

"Nilikwambia usiende."

"Ulinikataza kuomba. Sijaomba. Barua inaandikwa sasa hivi, ya Columbia na ya wale sita. Virginia waliwaona ndege wako wote, Baba Audrey. Saa tisa, saa kumi. Wameungana sawasawa."

Alisikia pumzi yake, na nyuma yake sauti ya mzee fulani akiita nesi. Edah alingoja. Hakuwa mtu wa machozi, na wakati ule hakutaka kujaribu.

"Ameandika wangapi?" hatimaye Method aliuliza.

"Nini?"

"Jumla. Za saa hizo mbili."

"Elfu tatu na hamsini na tisa. Kama ilivyo kwenye daftari."

"Siyo."

"Method."

"Ni elfu tatu na hamsini na saba. Kwenye lile kundi la mwisho, wale wawili wa pembeni walikuwa kunguru. Nilibonyeza kabla sijaona vizuri. Nilimwambia Mama afute, upepo ulikuwa mkali, nadhani hakusikia."

Edah aliziba macho kwa mkono. "Wewe mwanaume. Nimepanda mlima na mama yako wa miaka sitini na minane. Nimebishana na yule mzee mpaka amegeuka nyanya. Ndiyo kwanza ameanza kutuamini. Unataka niingie ndani nimwambie tumekosea tena?"

"Ndiyo."

"Kunguru wawili."

"Wawili, Edah."

Alikata simu. Alisimama nje ya kibanda akatukana kidogo, kwa Kihaya, ili mkwewe asikie na ajue kwamba lawama inamhusu. Kisha akaingia.

Weller alikuwa amefika mwisho wa barua. Mshale ulikuwa juu ya kitufe cha kutuma.

"Mume wangu anasema punguza wawili," alisema Edah.

Mzee aligeuka. "Wawili gani?"

"Kwenye elfu tatu na hamsini na tisa. Wawili walikuwa kunguru."

Weller alitafuta usoni mwa Edah kama kuna mzaha, akakuta mwanamke mwenye hasira tu. Kisha aligeukia kompyuta, akafuta sentensi ya mwisho yote, sentensi nzuri iliyomchukua dakika kumi, akaanza kuandika nyingine, kidole kwa kidole.

"Anafuta nini?" aliuliza Bibi Euphrasia kutoka kwenye ndoo. "Mama Audrey, yule anafuta! Anaandika nini?"

Edah aliinama juu ya bega la mzee, akasoma.

"Anaandika hivi, Mama," alisema. "'Huyu mtu akikwambia ni elfu tatu na hamsini na saba, usipoteze muda kuhesabu tena.'"